Pilipili Iliyoita Majirani

Ukienda soko la Kalemie siku hizi, rafiki yangu, saumu utaikuta imemwagwa juu ya turubai kama viazi. Vichwa vikubwa, vyeupe, vimefungwa kwenye nyavu nyekundu, vimetoka mbali mpaka muuzaji mwenyewe hajui ni wapi. Mwezi uliopita nilirudi huko kutoka Lubumbashi, ninakoishi na mama yangu, na siku ya pili tu nilijikuta nimeinama mbele ya turubai moja, nakwaruza kichwa cha saumu kwa kucha na kukinusa. Binti aliyekuwa akiuza alinitazama vile anavyotazamwa mtu anayeonja sukari bila kununua. Nikanunua cha kutosha ili anisamehe.

Sikuweza kumweleza. Ningeanzia wapi? Kwamba zamani katika mji huu huu, miaka ile ya Zaire, saumu haikuwa chakula? Ilikuwa dawa. Ilikaa kwenye kikopo pamoja na kwinini na mafuta ya mgando, ikitolewa mtoto akikohoa, au tumbo likiwa na minyoo, au nyoka akionekana karibu na choo. Ukipita njiani ukasikia harufu yake inatoka ndani ya nyumba ya mtu, ulijua pale kuna mgonjwa, na ulijua wajibu wako. Ulirudi kwako, ukabadili kikwembe, kitenge cha kujifunga, ukaenda kutoa pole.

Kwenye mtaa wetu mzima mtu mmoja tu alikuwa anaipika, naye alikuwa mama yangu, kwa sababu Mama hakuwa mtu wa ziwa. Alizaliwa Kirungu, juu kwenye milima ya Marungu, huko ambako watu wanalala na moto na asubuhi wanatembea wamejikunyata. Huko walilima maharage na viazi, na saumu ilikuwa imetoka kwenye bustani ya misheni zamani sana, ikaingia kwenye bustani za watu, kisha kwenye vyungu vyao. Papa alikuwa na kazi bandarini. Siku moja alitumwa Moba, bandari iliyo chini ya Kirungu, na bato, yaani meli, akachelewa kurudi, na aliporudi alikuwa na mke. Ndivyo alivyopenda kusimulia, na kila mara Mama alimwambia aache uongo, kwamba alikwenda na kurudi mpaka viatu vikaisha.

Nyumba yetu ilikuwa kati ya reli na maji. Treni ikipiga honi upande mmoja, mawimbi yanajibu upande wa pili, na katikati ndipo tulipokaa sisi na moshi wa samaki. Humo ndani alikuwemo pia mama yake Papa, tuliyemwita Nkambo, kama wanavyoitwa nyanya wote kwetu. Nasema alikaa na sisi, lakini yeye mwenyewe asingekubali. Sisi ndio tuliokaa kwake. Alikuwa mwembamba, mrefu, na mkono wake mmoja wakati wote ulikuwa kiunoni, kama vile anasubiri mtu amalize kusema upuuzi. Alimjua samaki mukebuka aliyevuliwa jana kwa kumgusa jicho tu. Nilimwogopa, na nilimpenda kupita kiasi.

Sasa nikueleze kuhusu pilipili, maana usipoelewa hili hutaelewa kitu. Kwetu mezani pilipili ilikuwa moja, na ilikuwa ya mwenye nyumba. Mtu mwingine anaweza kupika ugali, anaweza kukaanga samaki, anaweza kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, mpaka mabega yakauma, lakini yule ambaye pilipili yake imekaa mezani, huyo ndiye mama wa nyumba. Nyumbani kwetu Mama alipika kila kitu, na pilipili iliyokaa mezani ilikuwa ya Nkambo. Ilikuwa pilipili ya watu wa ziwa: pilipili ndogondogo zile kali, chumvi, maji ya ndimu, basi. Nyekundu na kali. Ulikuwa unaila kwa ujasiri.

Ya Mama ilikaa jikoni nje, juu ya ukuta mfupi, ndani ya bokali, yaani chupa ya kioo yenye mdomo mpana iliyowahi kuwa na jamu. Ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa na kufungwa kwa uzi, na ilikuwa haina ruhusa ya kuvuka mlango. Nkambo alikuwa amesema neno moja tu Mama alipofika na bokali yake mara ya kwanza, zamani kabla sijazaliwa, na hakuwa mtu wa kurudia.

"Dawa habaiweki ku meza."

Mama hakubishana. Alikuwa bibi arusi mgeni, na kule Kirungu hawabishani na mama mkwe. Lakini hakuacha pia. Kila kikapu kilipofika na bato kutoka Moba, kimejaa maharage na viazi vyenye udongo mwekundu, juu yake kilikuwa na msuko wa saumu ambao mama yake alimsukia mwenyewe, kama nywele za msichana. Vichwa vilikuwa vidogo, ganda lina rangi ya zambarau, na ukivunja punje moja, jirani anapiga chafya. Mama alivipokea kwa mikono miwili na kuvinusa macho yakiwa yamefumbwa. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa kwamba wakati huo hayuko Kalemie.

Nilipenda sana siku za kutengeneza pilipili ile. Mama alikaa kwenye kigoda, jiwe la kusagia mbele yake, kikwembe kimekazwa. Kazi yangu ilikuwa kuchambua vikonyo vya pilipili na kusikia onyo la kutogusa macho, na kisha kugusa macho, na kisha kulia. Alisaga saumu kwanza, na chumvi ya mawe, mpaka ikawa uji mweupe. Ndipo aliongeza pilipili kidogo kidogo, akiimba kwa Kitabwa, lugha ya kwao, kitu ambacho sikukielewa vizuri. Halafu mawese yanawekwa kwenye sufuria juu ya mbabula, lile jiko letu la makaa, na vyote vinamiminwa humo, na kelele inayotoka hapo, we, mpaka leo nikiisikia nanyamazisha redio.

Papa, masikini, alikuwa mtoto wa mmoja na mume wa mwingine. Mezani alikula na pilipili ya mama yake, akasifu, akafuta jasho. Kisha alisimama katika abakosti yake ya kazini, lile koti la enzi za Zaire, akasema anakwenda jikoni kunywa maji, na sisi watoto tulijua maji yale yananywewa pamoja na kipande cha ugali alichoficha mkononi. Nkambo naye alijua. Alikuwa anahesabu muda wa maji hayo kwa kugonga kidole kwenye meza.

Mimi nilibeba harufu ile hadi shule. Asubuhi tukishamaliza kuimba na kucheza animasyo, zile ngoma za kumsifu Rais, uwanjani, tunaingia darasani, na mwalimu akisogea karibu na benchi langu alikuwa ananusa na kuuliza nyumbani kwetu nani anakohoa. Nilijibu hakuna. Alinitazama kwa huruma, kama mtoto aliyefundishwa kuficha mambo ya nyumbani, na aliniruhusu kutoka mapema.

Basi, ukaja msimu mmoja wa kiangazi ambao kila kitu kilikuwa kigumu. Treni ilikwama huko njiani kwa muda mrefu, dukani kulikuwa na rafu na vumbi tu. Nyanya ya kopo hamna, mafuta ya dukani hamna, sabuni ni ya kutafuta. Tulikula ugali na ndakala, wale dagaa wa ziwani, kesho yake ndakala na ugali. Na bato la Moba nalo, likachelewa sana majini. Kikapu chetu kilipofika, maharage yalikuwa yameanza kuota na saumu imelowa. Mama aliipapasa akasema haitafika wiki. Ni kutumia yote sasa hivi au kutupa, na Mama alikuwa mtu ambaye hakutupa hata maji ya kuoshea mchele.

Nkambo siku hiyo alikuwa amekwenda ng'ambo ya mto Lukuga kumwona ndugu yake. Mama alitazama njia, akanitazama mimi, akatoa sufuria kubwa, ile ya matanga na harusi. Tulimenya saumu yote. Kucha zilituuma. Alipomimina kwenye mawese, upepo wa ziwa ukaamka, ukaichukua harufu ile na kuipeleka juu ya reli, juu ya paa za mabati, mpaka kwenye bomba la maji ambako wanawake walikuwa wanapanga foleni. Sisi hatukujua. Tulikuwa tunakohoa na kucheka.

Wa kwanza kufika alikuwa mama jirani, mke wa mfanyakazi wa reli, ambaye ua wetu uligusana na wake. Alikuja na kikwembe cha kanisani na bakuli la uji lililofunikwa sahani. Alisalimu kwa kunong'ona, akakaa chini. Mama alishangaa, lakini mgeni ni mgeni, akampa kiti. Kabla hajakaa vizuri, akaingia mwingine na machungwa. Kisha wawili. Kisha wanaume, kofia mkononi. Kisha katekista wetu, amebeba kitabu chake cha sala kifuani na uso wake umeshatayarishwa. Ua ulijaa. Waliketi wakitazama chini, wanatikisa vichwa kidogo kidogo, na mtu mmoja nyuma alianza kushusha pumzi zile ndefu za kwenye msiba.

Mama alisimama katikati, mwiko mkononi, jasho linamtiririka, haelewi ni sikukuu gani.

Ni katekista aliyevumilia kidogo kuliko wengine. "Mama, pole sana. Mugonjwa njo nani?"

"Mugonjwa gani, Papa?"

"Tunasikia saumu tangu kule ku bomba. Ya mingi hivi, ni mutu mukubwa."

Mama alitazama sufuria, akatazama watu. "Hakuna mugonjwa hapa," alisema. "Niko natengeneza pilipili."

Kisha mama jirani akasema, "Pilipili gani ya kunuka lopitali?" na mtu mmoja akacheka, akajizuia, akashindwa, na ua mzima ukapasuka. Katekista alicheka mpaka kitabu kikaanguka. Mama naye akacheka, uso umefunikwa kwa kikwembe, aibu na kicheko pamoja. Akasema maadamu wamekuja, basi waonje. Akasonga ugali. Ndugu yangu, watu wale walikuwa wamekula ndakala tupu kwa wiki kadhaa. Walipochovya ugali kwenye pilipili ile yenye mawese na saumu, hakuna aliyetaka kuzungumza tena. Mama jirani alilamba kidole, akakitazama kidole chenyewe kama kimemficha jambo miaka yote.

Hapo ndipo Nkambo aliporudi.

Alifika akiwa na kikapu cha mihogo kichwani. Aliona ua wake umejaa watu wameketi, vikwembe vya kanisani, katekista, kitabu cha sala. Na harufu. Wengi walikuwa wamempa mgongo, hakuona kwamba wanakula. Kikapu kilianguka. Akapiga kelele ambayo sijaisikia tena kwa mtu mwingine, na ndani ya kelele ile alikuwa anaita jina la msichana, jina ambalo kwetu halikuwa la mtu yeyote. Aliita mara nyingi, akikimbia kuelekea chumba cha watoto. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Alinishika uso, akanipapasa kifua, mgongo, kifua tena. Nilikuwa mzima, nina ugali mdomoni.

Watu waliondoka polepole, hakuna aliyecheka. Papa aliporudi kazini, Mama alimuuliza, na Papa akasema kile alichokijua, ambacho hakikuwa kingi. Kabla yake Nkambo alikuwa na mtoto wa kwanza, msichana. Alishikwa na kifua msimu wa baridi. Walimpaka saumu kifuani na mgongoni, siku baada ya siku, mpaka mwisho wake, na majirani waliketi uani wakisubiri. Nkambo hakuwahi kulisema jina lile tena. Papa mwenyewe alilisikia mara moja tu, kwa shangazi yake.

Kumbe si kiburi. Miaka yote ile tulidhani ni kiburi cha mama mkwe, na Mama pia alidhani hivyo, na alikuwa amekula kiburi hicho kimya kimya kila siku na ugali wake. Siku ile niliona uso wake ukibadilika. Alikwenda jikoni, akachukua sufuria yote, akatugawia watoto vikopo na kututuma kwa majirani, nyumba kwa nyumba, mpaka haikubaki hata tone. Bokali akaiosha kwa majivu, akaigeuza juu chini kwenye ukuta. Alimwandikia mama yake kule Kirungu kwamba wasitume tena saumu. Na pilipili iliyokaa mezani iliendelea kuwa ya Nkambo.

Wengine wangeishia hapo, na ingekuwa heshima ya kutosha. Lakini ninapomsifu mama yangu, namsifu kwa lile alilofanya kesho yake. Nkambo alikuwa uani anachambua ndakala, mgongo umegeuka, hasemi na mtu. Mama akaenda akaketi karibu naye, akaingiza mikono yake kwenye samaki walewale, na baada ya muda akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, ule mutoto, alikuwa namna gani?"

Nilidhani atapigwa. Nkambo aliendelea kuchambua. Kisha akasema alikuwa mtoto wa kelele. Akachambua tena. Akasema alikuwa anapenda kula mchanga wa ziwa, na alikuwa anawafukuza kuku wa watu, na sikio lake moja lilikuwa limekunjika. Akasema hakuna aliyewahi kumuuliza. Walizungumza mpaka jua likageuka, na kesho yake tena, na juma lote lile. Nilipita nikirudi shuleni nikawakuta wanacheka kuhusu mtoto aliyekufa kabla Papa hajazaliwa. Nilikuwa mdogo, na sikujua kwamba naona kitu kikubwa. Sasa najua.

Shida ni kwamba mtaa ulishaonja. Wakaanza kuja na vikopo vitupu. Mama jirani alijifanya amepita tu kusalimia, kikopo kimefichwa chini ya kikwembe. Katekista alisema anauliza kwa niaba ya mke wake. Mama aliwajibu wote kwamba haipo na haitakuwepo. Nkambo aliwasikia, siku baada ya siku, kidole kinagonga meza. Mwisho akachoka nao. Alisema pilipili ipikwe, watu hawa wapone, lakini ile harufu asiisikie ndani ya ua wake.

Utapikaje saumu bila harufu ya saumu? Mama alizunguka na swali hilo siku nyingi. Aliandika tena Kirungu aletewe saumu, na kikapu kipya kilipofika, hakusaga. Alichukua kichwa kizima na maganda yake, akakiviringisha kwenye jani la mgomba, akakizika ndani ya majivu ya mbabula baada ya kupika, makaa yakiwa yamechoka. Akakaa kusubiri, na mimi nikakaa naye. Kilichotoka humo hakikunuka lopitali. Kilinuka kitu kitamu, kama kiazi kitamu kilichosahauliwa motoni, na punje ukizibinya zilitoka laini na rangi ya kahawia. Jaribio la kwanza liliungua, la pili lilikuwa bichi ndani, Mama akalizika nyuma ya choo mbio mbio. Lakini alipopata muda wake, aliupata.

Nkambo alitoka ndani, mkono kiunoni. "Unachoma nini?"

"Ni saumu, Mama."

Mama hakumdanganya, na angeweza. Nkambo alisogea mpaka kwenye majivu. Kisha aliinama, akachukua punje moja moto moto, akaibinya mdomoni mwake. Aliitafuna taratibu, anatazama upande wa maji.

"Ile haikukuwa hivi," alisema tu, akarudi ndani.

Mama alisaga saumu ile na pilipili, akajaza bokali, lakini hakuthubutu kuipeleka mezani. Zikapita siku. Jumapili moja Papa alileta mikebuka wakubwa, tukawachoma, ngozi ikapasuka, mafuta yakadondoka kwenye makaa. Tulikaa mezani. Nkambo alichukua bakuli lake la pilipili, akalifunika kwa sahani, akalisukuma pembeni. "Leta ile yako," alimwambia Mama.

Mama alitoka kwenda kuichukua, akakawia. Papa akanituma. Nilimkuta nyuma ya ukuta wa jiko, ameikumbatia bokali kifuani kwa mikono yote miwili, analia, na alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima. Alijifuta, akanyoosha kikwembe chake, akaingia nayo ndani ya mlango ule uliomkatalia tangu arusi yake. Akaiweka katikati ya meza. Papa hakwenda kunywa maji siku hiyo.

Kuanzia hapo Nkambo alikuwa ndiye anayekemea saumu ikiwekwa kidogo. Alizeeka nayo. Mwaka aliougua, nilikuwa msichana mkubwa, na kifua chake kilipokuwa kizito mama jirani alikuja mchana mmoja na punje zilizomenywa, zimepondwa, tayari kumpaka. Alimfungua kifua. Nkambo akafungua macho, akanusa, akamshika mkono kwa nguvu ambazo hatukujua bado anazo.

"Hii haiko dawa, mutoto," alimwambia. "Hii njo ya ku meza. Leta bukari."

Bukari ndiyo ugali. Mama alisonga kidogo, akampa na ile pilipili ya saumu ya kuchoma, na alikula, kidogo, akiwa ameegemea bega la Mama. Hakupona. Lakini chumba chake siku zile kilinuka chakula.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani nikirudi kutoka sokoni mwezi uliopita na mfuko wangu wa saumu. Nimepanga chumba karibu na pale nyumba yetu ilipokuwa. Reli ipo, majani yameota katikati yake, na nyua zote sasa zina kuta ndefu zenye vipande vya chupa juu. Bomba la zamani limekauka. Mama jirani, katekista, wote wameshapumzika. Nilipika pilipili ile ya kwanza, ya kusaga na kukaanga, sufuria nzima, makusudi, nikafungua madirisha. Upepo wa ziwa ulikuja, kama ulivyo, ukaichukua. Nilitoa viti nje nikakaa kwenye kimoja. Ninaona aibu kukuambia nilikaa kwa muda gani.

Nikampigia Mama simu Lubumbashi. Sasa ni yeye anayekaa mkono kiunoni. Nilimwambia nimepika, na harufu imefika mpaka barabarani. Alifurahi. Kisha akauliza, "Na watu walikuja?"

"Hapana, Mama. Hakuna hata mumoja."

Nilisikia redio ikiongea nyuma yake. "Basi uwapelekee," alisema.

Nikatafuta vikopo. Nyumba ya kwanza ina geti la chuma, niligonga mpaka mkono ukauma. Alifungua mwanamke kijana, mtoto mgongoni, simu sikioni. Alinitazama mimi, akatazama kikopo, akaondoa simu kidogo.

"Ni bei gani, Mama?"

Kwa muda nilikuwa na hasira, na huzuni, na sikujua zinamhusu nani. Hakuwa na kosa. Hakuna aliyewahi kumgongea geti na kitu kisicho na bei. Nilifungua kikopo ili asikie harufu mwenyewe.

"Haiko ya kuuzisha, mutoto," nilimwambia. "Hii njo ya ku meza."

Akanusa. Akanitazama tena, vizuri safari hii, akamwambia mtu wa kwenye simu asubiri, na akaingia ndani kutafuta sahani.